Chumba cha mazoezi karibu na bahari: vifaa nilivyonunua na nilivyoviacha dukani

Kabla ya kifaa chochote nieleze chumba, kwa sababu chumba ndicho kilichochagua nusu ya vifaa. Kilikuwa stoo ya uani: futi 10 kwa 12, sakafu ya vigae, dirisha moja linalopokea upepo wa bahari. Tuko Tanga mjini na pwani haiko mbali. Upepo huo ni raha kwa anayetoka jasho, ila umebeba chumvi, na chumvi haina huruma na chuma wala na nyaya. Geti letu tunalipaka rangi na bado bawaba zake zinatoa kutu. Kwa hiyo nilipoanza kuzunguka madukani, kila nilichoonyeshwa nilikipima kwa swali moja kwanza: hiki kitaishi kwetu?

Watumiaji ni wengi kuliko ukubwa wa chumba. Mimi nimefundisha michezo shuleni miaka mingi, netiboli zaidi, na magoti yangu bado yanakumbuka viwanja vya saruji. Mume wangu ana presha na daktari amemtaka ajishughulishe. Mama mkwe amevuka miaka sabini, anachoogopa ni kuanguka bafuni. Binti yetu yuko kidato cha tatu na nguvu zake hazijui pa kwenda. Halafu wako mashoga zangu wa mtaani: baada ya alasiri wanaingia, wanavua mabuibui, tunafunga mlango. Hao ndio hasa walionisukuma. Jimu mjini zipo, lakini nyingi wanaume na wanawake wanachanganyika, na mwanamke wa makamo anayeanza mazoezi baada ya kuzaa watoto wanne anahitaji mahali ambapo atainama na kuchuchumaa bila kujitazamia nguo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na juu ya hizo siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Waliofika miaka 65 wanaongezewa siku tatu za mazoezi ya kusimama imara ili wasianguke. Nilipousoma nikajua fedha ziende wapi. Dakika za kutembea mji huu unazitoa bure: Tanga ni tambarare, baiskeli zimejaa, na asubuhi barabara ya kuelekea Raskazone ina kivuli na hewa. Tunachokikosa ni kuimarisha misuli. Basi nikaamua kununua uzito, na vitu vya kushikilia uzito huo.

Ndiyo maana mashine ya kukimbilia, ambayo kila mtu huitaja kwanza, niliikataa mapema. Sisemi ni kifaa kibaya. Mtu anayejifunza kutembea upya baada ya kiharusi, akiwa na msimamizi, atapenda mahali tambarare penye vishikio. Anayeishi ghorofani katikati ya jiji lenye magari naye namwelewa. Lakini kwa nyumba yetu ingemeza robo ya chumba na sehemu kubwa ya fedha, kisha itupe kile ambacho barabara inatupa.

Kama wewe unaihitaji, haya ndiyo ninayoyaangalia watu wakiniita niwasaidie kuchagua. La kwanza ni mota. Boksi litaandikwa nguvu za farasi 3 kwa herufi kubwa. Uliza kama ni nguvu ya kudumu au ya kilele. Nguvu ya kilele mota huifikia kwa muda mfupi tu; ya kudumu ndiyo inayokubeba nusu saa nzima bila harufu ya kuungua. Kwa kutembea, farasi 2 za kudumu zinatosha. Anayekimbia aanzie mbili na nusu. La pili ni kibandiko cha umeme kilicho nyuma au chini ya mashine. Zilizotumika zinazotoka Marekani ni za volti 120 na hezi 60, wakati kwetu ni volti 230 na hezi 50; ukiichomeka hivihivi umeiua. La tatu ni mkanda: panda, tembea hatua zako za kawaida, ona kama mguu wa nyuma unafika mwisho. Mkanda mfupi unamfundisha mtu kutembea kwa hatua za mashaka. Na utahitaji mafuta ya silikoni chini ya mkanda huo, kwa hiyo uliza yanapatikana wapi kabla ya kulipa.

Wifi yangu anayo moja, nzuri tu, imekaa sebuleni kwake karibu na dirisha. Ilipoanza kujizima yenyewe, fundi aliifungua tukaona kadi yake ya umeme imeota ukijani kwenye miguu ya shaba. Hiyo ni chumvi. Pwani, kifaa chenye kadi ya umeme kinahitaji chumba kinachofungwa na kifuniko kila kikimaliza kutumika, na bado umri wake utakuwa mfupi kuliko ule wa Arusha au Iringa.

Sasa vyuma. Hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo watu wanapodanganywa.

Seti nyingi za bei nafuu, zile pleti nyeusi (sahani za uzito) zilizofunikwa plastiki, ndani hazina chuma. Ni saruji na mchanga. Lita moja ya zege ina uzito wa kilo 2.4 hivi, na lita moja ya chuma cha kalibu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa, inapita kilo 7. Kwa hiyo pleti ya saruji ya kilo 10 inachukua nafasi ya pleti tatu za chuma za uzito uleule. Dukani hilo halionekani kuwa tatizo. Nyumbani linaonekana mara tu unapotaka kuongeza uzito: mpini wa dambeli umeshajaa, pleti zimefika mwisho, na wewe misuli yako ndiyo kwanza imeamka. Isitoshe, ikianguka kwenye kigae plastiki hupasuka pembeni na unga wa saruji huanza kumwagika kidogo kidogo kila unapoinyanyua.

Kuzitambua si kazi. Mkobani nabeba sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Chuma kitaivuta hata kikiwa na rangi nene. Nagonga pia kwa ufunguo: chuma hulia, saruji hutoa sauti ya kufa. Kisha natafuta mizani. Katika duka moja Kariakoo muuzaji alinihakikishia kwa kiapo.

"Mama, hii ni chuma tupu. Hapo juu ni plastiki tu ya kuzuia kutu."

"Sawa mwanangu. Basi tuipime hapo kwa jirani anayeuza nafaka."

Sumaku ilikuwa imeshakataa kushika. Pleti iliyochapwa kilo 10 mizani ikasoma kilo 8 na nusu. Nilimrudishia, nikamshukuru kwa muda wake, nikaenda duka linalofuata. Mwenye duka hilo la pili alinitolea mizani mwenyewe kabla sijaomba, na kwake nikanunua pleti ndogo za kilo moja na nusu na za kilo mbili na nusu. Muuzaji anayekuruhusu kupima bidhaa yake huyo ni wa kumrudia.

Pleti kubwa nilizipata Tanga hapahapa, kwenye jimu ya mtaani iliyokuwa inafungwa. Zilikuwa na kutu hadi zinaacha wekundu mikononi, na mashoga zangu walishangaa ninachokifurahia. Lakini kutu ya juu ya chuma cha kalibu ni ngozi tu. Tulizisugua kwa brashi ya waya, tukazipaka redoksaidi, rangi ya chini ya kuzuia kutu, mikono miwili, kisha rangi ya mafuta, nyekundu kwa kilo 10 na buluu kwa kilo 5 ili hata mama mkwe ajue anachokiona bila miwani. Kila moja ilipita kwenye mizani, na ile iliyopungua tumeiandika uzito wake halisi kwa rangi nyeupe. Ukinunua vyuma vilivyotumika, gawa bei kwa kilo. Ukiambiwa seti ya kilo 50 ni laki tatu, kilo moja ni shilingi elfu sita. Uliza dukani kilo ya chuma kipya ni ngapi, na hapo utajua kama unapunguziwa au unapigwa.

Angalia tundu kabla ya yote hayo. Pleti zenye tundu la inchi moja zinaingia kwenye chuma chembamba cha nyumbani, yaani ule mpini mrefu wa kubebea pleti, na zenye tundu la milimita 50 ni za chuma cha Olimpiki. Hazichanganyiki. Nimeona nyumba yenye pleti za aina mbili na chuma kimoja, nusu ya fedha imelala ukutani.

Je, ununue chuma cha Olimpiki? Cha wanaume kina uzito wa kilo 20 na urefu wa mita 2.2, cha wanawake kilo 15 na mita 2.01, na mahali pa kushika ni pembamba zaidi, milimita 25 badala ya 28, tofauti ambayo mkono wa mwanamke unaisikia mara moja. Ni vyuma vizuri mno. Lakini piga hesabu ya chumba. Futi 10 ni mita tatu na ushee. Ukilaza chuma cha mita 2.2 katikati, kila upande umebakiwa na sentimita 42, na hapo unatakiwa usimame uingize pleti ya kilo 20. Utagonga ukuta kwa kiwiko kila siku. Ukikigeuza kifuate upande wa futi 12 unapata sentimita 73, inatosha, ila chumba kizima kimekuwa cha chuma hicho na mtu mwingine hapati pa kukunjua mkeka.

Mimi nilichongesha cha mita moja na nusu. Ni shafti nyororo ya milimita 25, chuma kilichojaa ndani, na bila pleti kina uzito usiofika kilo 6. Kwa mwanamke anayeanza, hizo kilo 6 tupu ni mwanzo unaofaa. Kilo 20 tupu zingemkatisha tamaa siku ya kwanza. Kuna wanaochongesha kwa nondo za ujenzi, na nondo ya milimita 25 ina uzito uleule kwa mita, ila mbavu zake zinachuna viganja na zinazuia pleti kuteleza kuingia. Kuna pia wanaotumia bomba tupu. Hilo likipata mzigo hupinda katikati na halirudi. Lipa zaidi upate shafti iliyojaa.

Dambeli ndizo nilizotumia fedha bila kusita. Jozi mbili ni za kufungua, mpini wa chuma na nati mbili zenye mpira ndani, na pleti ndogo nilizozitaja zinaingia humo. Kwa jozi hizo mbili, mtu mmoja anabeba kilo 4 kila mkono na mwenzake kilo 12. Kasoro yao ni nati kulegea. Kila awamu ikiisha, mkono unaikaza nati kabla ya kukaa. Nimewazoesha watu wote wa nyumbani. Ndogo za rangi rangi za kilo moja na kilo mbili nilinunua jozi moja tu, ya mama mkwe. Wanawake wengi wanajaza kabati kwa hizo, na baada ya muda mfupi kilo mbili hazimfanyi mtu chochote. Mwanamke anayechota ndoo ya lita 20 kila asubuhi anaishika kilo 20 bila kufikiri. Mpe dambeli ya kilo 8 au 10 achuchumae nayo kifuani.

Zipo zile za kisasa za kuzungusha kitufe, mpini mmoja unabeba uzito wa aina nyingi. Zinaokoa nafasi sana, na moyo wangu ulizitamani. Lakini ndani zina vimeno na sahani za plastiki, na ubovu wake hauonekani kwa nje. Juni 2025 huko Marekani dambeli za Bowflex za namna hiyo, aina ya 552 na 1090, ziliagizwa zirudishwe, kama milioni 3.8 kwa ujumla, kwa sababu pleti zilikuwa zinaweza kuchomoka wakati mtu ameinyanyua. Vitu vilivyotumika husafiri kwenye makontena hadi kwetu. Ukikutana na hizo mnadani kwa bei ya kuvutia, soma namba yake kwanza. Mimi nimebaki na nati, kitu ambacho nakiona kwa macho kama kimekaza.

Ketibeli tunayo moja, tufe la chuma lenye mpini juu, kilo 12. Moja inatosha kwa nyumba. Pitisha kiganja ndani ya mpini kabla ya kununua. Kama kuna mshono wa kalibu unaokwaruza, iache.

Sakafu ni mahali watu wanapobania fedha na hawapaswi. Kigae kinavunjika kwa dambeli ya kilo 5 ikitua kwa kona. Mikeka ya sponji inayounganishwa kwa meno ni laini kwa kulala na kwa kunyoosha viungo, na tunayo upande mmoja. Ila usisimame juu yake ukiwa umebeba uzito: kisigino kinazama, kifundo kinacheza, goti linafuata. Palipo na vyuma weka mpira mgumu, unene wa milimita 10 au zaidi. Sisi tulipata vipande vya mkanda mzito wa mpira, ule wa kusafirishia mizigo viwandani, vilivyokwisha kazi. Vilinuka kwa muda. Tulivifua kwa sabuni ya unga, tukavianika kivulini, vikapoa. Hakuna kifaa chumbani kilichotufaa kwa fedha ndogo kuliko vipande hivyo.

Benchi halikutoka dukani. Nilipima ya dukani nikaikuta na sentimita 48 kutoka sakafuni hadi juu. Mashoga zangu wengi ni wafupi. Wakilala hapo visigino vinaning'inia, na mtu ambaye miguu yake haikanyagi sawasawa hawezi kusukuma chuma kwa usalama. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea na vipimo vyangu kwenye karatasi: kimo sentimita 42, upana wa mgongo sentimita 28, urefu mita moja na ishirini.

Fundi alivisoma, akachukua bomba la pembe nne la inchi moja na nusu.

Unene wa bomba mafundi huutaja kwa geji, na namba ikiwa ndogo bomba ni nene zaidi.

"Mwalimu, hili la geji 18 linatosha. Wateja wengi ndilo wanalotaka."

"Kwa madirisha sawa, fundi. Hapa atalala mtu mzima ameshika vyuma juu ya kifua chake. Nataka inchi mbili, geji 16, na kila kiungo ukizungushe moto pande zote nne."

"Basi bei itapanda."

"Ipande. Nipigie hesabu."

Nilikaa pale kwenye ndoo nikimtazama akichomelea, na sioni aibu kuwashauri wengine wafanye hivyo. Moto wa kugusa pembe mbili tu, halafu kufunika kwa rangi, ndio unaovunja mabenchi. Muombe asipake rangi hadi uone viungo vitupu. Pitisha kidole: mshono mzuri umejaa, hauna matundu. Kisha kaa juu ya mwisho wa benchi, uone kama upande wa pili unanyanyuka. Langu lilinyanyuka, akaongeza sentimita sita kwenye mguu wa nyuma, likatulia.

Mto alitengeneza fundi makochi, si fundi chuma. Ubao chini, plaiwudi ya milimita 18, juu yake sponji ngumu. Bonyeza kwa dole gumba. Kama dole linafika hadi ubaoni, sponji hiyo ni ya kochi la kupumzikia na mgongo wako utaota sugu. Juu ni leza nene inayofutika, kwa sababu jasho likiingia ndani ya kitambaa hutaliondoa tena. Mafundi wote wawili nawapa alama kamili. Kazi yao naiona bora kuliko mabenchi yote niliyoyapima dukani, yale yenye mashimo mengi ya kupandisha na kushusha mgongo na pini nyembamba ya kushikilia uzito wote huo.

Chuma cha kujivuta ni bomba la maji la inchi moja, lile la mabati ya moto, ambalo kwa nje lina milimita 34 hivi. Linashikika vizuri na linavumilia chumvi kuliko chuma chochote kilichopakwa rangi. Jihadhari na ukuta. Tofali za bloku zenye matundu ndani hazishiki boliti za kupanua. Mtu akining'inia zitachomoka na kipande cha ukuta. Letu limefungwa kwenye lenta, ile bimu ya zege inayozunguka juu ya milango na madirisha. Binti yangu ndiye anayejivuta. Sisi wengine tunaning'inia tu, na kwa migongo yetu hilo pekee ni dawa.

Mipira ya kuvuta ni ya bei ndogo na faida yake ni kubwa, hasa kwa wazee na kwa waliotoka kuumia bega. Mama mkwe anaitumia akiwa amekaa kwenye kiti. Adui yake ni jua na joto: ukiuacha dirishani unapasuka vinyufa vidogo, na siku ukikatika unampiga mtu machoni. Yetu inakaa kwenye droo, imenyunyiziwa poda ya mtoto, na kabla ya kila zoezi tunauvuta taratibu mbele ya taa kuutazama.

Kamba ya kuruka ya plastiki yenye waya ndani ni nzuri, haina maneno. Kamba nene ya kutikisa kwa mikono miwili niliitafuta kwa mkonge, kwa sababu mkoa huu umeishi kwa mkonge tangu ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na nilitaka kitu cha kwetu. Ni nzito kama inavyotakiwa na inatikisika vizuri. Ila nyuzi zake zinachoma viganja, kwa hiyo ncha mbili nimezivisha kitambaa cha turubai na kuzishona. Na isilowe. Katani ikilowa na kukauka mara nyingi huoza kutoka ndani huku nje ikionekana nzima. Ikitunzwa, naipendekeza kwa moyo wote.

Baiskeli ya mazoezi tunayo moja, imetumika, ya sumaku. Zipo za aina mbili. Moja inakaza gurudumu kwa kipande cha sufi kinachosugua. Kipande hicho huisha, hupiga kelele, na ugumu wake hubadilika kadiri kinavyopata moto. Ya sumaku haigusani na gurudumu, kwa hiyo hakuna cha kuisha. Yetu haihitaji umeme wa ukutani, betri mbili ndogo tu za kioo cha kuhesabia, na kioo hicho kikifa pedali zinaendelea. Mume wangu ndiye mwenye nayo. Kwa mwenye presha baiskeli ni ya upole, na kwenye vyuma tumemfundisha kitu kimoja kuliko vyote: asibane pumzi. Anatoa pumzi wakati wa kusukuma. Kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha presha ghafla.

Kuhusu kutu, utaratibu ni mdogo na haukosekani. Kitambaa kikavu kila tukimaliza, kwa sababu jasho nalo ni chumvi. Mara moja kwa wiki, tone la oili ya cherehani kwenye shafti na kwenye nyuzi za mipini, kisha tunaifuta yote isije ikateleza mkononi. Vyuma havilali chini. Vinakaa kwenye kitako cha mbao kilichoachana na ukuta. Mipini ya kromu ndiyo iliyotuangusha mapema: kromu ya bei rahisi ikichubuka sehemu moja, kutu huingia chini yake na kuibandua kwa mabaka makali yanayokata. Chuma kitupu kilichopakwa oili kimekaa vizuri kuliko kromu hiyo.

Kinachokosekana bado ni stendi za kuwekea chuma. Hadi zipatikane, hakuna anayeruhusiwa kulala benchi na kusukuma chuma kirefu kwetu, hata binti na nguvu zake; wanasukuma dambeli, ambazo ukishindwa unazitua pembeni. Stendi ninazotaka zina mikono miwili ya usalama inayotokeza mbele, chini kidogo ya kifua kilichojaa pumzi na juu ya shingo, ili chuma kikimzidi mtu kitue hapo na yeye ajitoe. Nimelala benchini fundi akachukua vipimo kwa futi kamba, mke wake akiwa ameshika ncha. Amechagua bomba la inchi mbili na nusu, geji 14, na safari hii ni yeye aliyeniambia kwamba kwa kazi hii hagusi kitu chembamba kuliko hicho.